Madume saba kwa visu viwili: uchambuzi wa kisa cha mawindo kwenye mto Kobuk, Alaska

## Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea mwezi Septemba wa mwaka fulani kabla ya 2024, katika kimojawapo cha vijiji vitano vilivyo kandokando ya mto Kobuk, kaskazini-magharibi mwa Alaska. Nilikuwapo. Nilikuwa nikifundisha hisabati katika shule ya kijiji, mwaka wangu wa pili, na familia moja ilinichukua safarini ili nisaidie kubeba mizigo na kushika miguu ya mnyama wakati wa kuchuna. Sikuwa na bunduki wala kibali cha kuwinda. Nimeondoa majina ya watu, jina la kijiji, mwaka, na alama zote za mahali tulipopiga kambi. Mzee aliyetuongoza aliridhia kisa kiandikwe, kwa sharti moja: makosa yasifichwe.

## Usuli: mnyama, kundi na mto

Mnyama tuliyemfuata anajulikana Marekani na Kanada kama caribou. Jina hilo likiandikwa kwa sauti zetu linakuwa "karibu", na kila sentensi ingevurugika, kwa hiyo nitamwita kama wanavyomwita wenyeji wa bonde hilo, Wainyupiaki: tuttu. Ni spishi ileile inayofugwa na Wasami kaskazini mwa Ulaya. Dume lililokomaa hufika kilo 160 hata 180. Majike nao wana pembe, tofauti na majike wengine wote wa jamii ya kulungu, na jambo hilo humpotosha mgeni anayedhani kila mwenye pembe ni dume. Nywele za manyoya yake zina uwazi ndani uliojaa hewa. Ndiyo maana tuttu huelea vizuri majini, hata akiwa amekufa, na ndiyo maana pia ngozi yake hushikilia joto la mwili lisitoke. Naomba msomaji alishike hilo la joto, kwa sababu nusu ya kisa hiki imo humo.

Kundi linalopita bonde la Kobuk huitwa Western Arctic. Huzalia kwenye nyanda za juu za Utukok, kaskazini ya milima ya Brooks, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Juni. Joto fupi la huko likiisha, wanyama hugeuka kusini, hupita tundra, yaani nyanda za baridi zisizo na miti, na mapito ya milima, huvuka mto Noatak, kisha Kobuk, wakielekea malisho ya likeni, vimea vidogo vya kuvu na mwani, watakayoyafukua chini ya theluji. Aliyewaona nyumbu wakivuka mto Mara ana picha ya kuanzia, ila aondoe mamba, aongeze baridi na ukimya.

Ukubwa wa kundi hili hupanda na kushuka sana. Mwaka 1970 lilikadiriwa kuwa na wanyama 242,000 hivi, na kufikia 1976 walikuwa wamebaki kama 75,000. Likainuka hadi 490,000 mwaka 2003, likaanza kushuka tena, na hesabu ya 2023 ilitoa 152,000. Wakati wa kisa hiki mkazi wa eneo hilo aliruhusiwa kuua tuttu 5 kwa siku. Mwaka 2024 kanuni zilikazwa: 15 kwa mwaka mzima, na kati ya hao jike asizidi mmoja.

Kuwinda kwenye vivuko vya mto huu ni kazi ya zamani mno. Mahali paitwapo Onion Portage, ndani ya hifadhi ya taifa ya Kobuk Valley, mwanaakiolojia J. Louis Giddings alikuta mabaki ya kambi za wawindaji tabaka juu ya tabaka, kwa sababu watu wamewavizia tuttu pale kwa takriban miaka 9,000. Sisi tulikuwa mahali pengine, lakini namna ya kazi haikubadilika sana: mnyama akiwa ardhini anamshinda mtu kwa mbio, akiwa majini mtu ndiye anayemshinda.

Jambo jingine la usuli ni gharama. Kijijini hakuna barabara ya kwenda popote. Petroli nilinunua kwa zaidi ya dola 10 kwa galoni, nayo galoni haifiki lita 4. Nyama ya ng'ombe huja kwa ndege. Familia iliyokosa tuttu mwezi Septemba huona pengo hilo kwenye sahani kila siku hadi Aprili.

## Waliokwenda na walichokubaliana

Tulikuwa wanne katika boti mbili za alumini. Mzee mwenye miaka sabini na ushei; mpwa wake wa miaka thelathini na kitu, mwenye boti ya pili; mjukuu wa mzee, kijana wa miaka 16 ambaye alikuwa hajawahi kuua tuttu; na mimi. Wenye vibali walikuwa watatu. Kwa karatasi, basi, wangeweza kuua wanyama 15 kwa siku moja bila kuvunja sheria yoyote.

Usiku wa kuamkia safari mzee alitoa maagizo mawili. La kwanza: madume tu. Sababu yake kila mtu aliijua. Septemba dume ana tabaka nene la mafuta mgongoni, na Oktoba, msimu wa kupandana ukianza, nyama yake hunuka hata mbwa akasita. Majike sheria iliwaruhusu, lakini mzee alisema kundi linapungua, na anayezaa aachwe.

Agizo la pili: watano. Hakueleza kwa nini watano, na hakuna aliyeuliza. Mpwa alidhani ni hesabu ya friza na nyumba za ndugu. Mimi nilidhani ni hesabu ya uzito wa boti. Tulikuja kujua baadaye kwamba sote tulikosea.

## Siku ya kwanza na ya pili: kungoja

Wazee wa bonde husimulia kwamba zamani makundi ya kwanza yalifika mtoni mwishoni mwa Agosti. Siku hizi huchelewa, na ipo miaka ambayo wengi hawavuki kabisa. Tuliondoka baada ya redio ya mawasiliano ya VHF, ambayo kila nyumba huiacha wazi jikoni, kuleta habari kwamba tuttu wameonekana vilimani upande wa kaskazini.

Kambi tuliipiga ukingo wa kusini, chini ya kivuko kwa mwendo wa dakika chache za boti. Mzee alisisitiza mahali hapo. Ukingo wa kaskazini ndiko wanyama wanakoshukia. Ukiweka hema, moto au hata nyayo zako huko, umeweka mlango na kuufunga. Tulizungumza kwa sauti ya chini. Upepo ukigeukia kaskazini, moto ulizimwa.

Hali ya hewa ilikuwa ya kupendeza, na hapo palikuwa na hatari ambayo sikuitambua. Mchana kipimajoto changu kilisoma nyuzi 14. Usiku hapakuganda kitu. Mzee aliamka alfajiri, akapapasa majani ya mierebi kutafuta sakitu, akakuta umande mtupu. Alitikisa kichwa, akapika kahawa.

Asubuhi ya siku ya pili walitokea tuttu kama ishirini ukingo wa pili, majike na ndama na madume wawili wachanga. Walisimama muda mrefu wakinusa maji. Mpwa aliishika bunduki.

"Mjomba, wawili wale wanatosha kuanzia."

"Waache waliotangulia wapite," mzee alijibu.

Wakapita. Waliogelea mbele yetu, wakapanda ukingo wetu, wakajikung'uta maji, wakatokomea kwenye misonobari. Baada ya hapo mto ulikaa mtupu siku ile yote, na usiku wake, na karibu siku nzima iliyofuata.

Nataka kukaa kidogo kwenye saa hizo, maana msomaji anayejua mwisho hawezi kuuhisi uzito wake. Mpwa alikuwa na kazi ya ujira iliyomngoja Jumatatu. Petroli ya kuendelea kukaa ilikuwa inahesabika. Kila aliyepita kwa boti aliuliza kama tumepata kitu, na tulijibu hapana huku tukijua kwamba tulikuwa tumewaona ishirini kwa macho na kuwaacha. Kijana alikaa juu ya jiwe moja tangu asubuhi, akiitazama kaskazini bila kusema. Mzee hakujitetea. Aliponiona nina swali alinieleza mara moja tu: wa nyuma hufuata njia ya wa mbele. Katikati ya kwato za tuttu kuna tezi zinazoacha harufu ardhini, na mnyama aliyeshtushwa huacha harufu ya hofu. Ukiwapiga wa kwanza pale kivukoni, unawaandikia wanaokuja nyuma kwamba njia hii ni mbaya. Ukiwaacha, njia imefunguliwa.

## Siku ya tatu jioni: mtoni

Saa kumi na mbili jioni tuliwasikia kabla ya kuwaona. Miguu ya tuttu hulia tik-tik anapotembea, kano zikiteleza juu ya mfupa, na wengi wakitembea pamoja ni kama mvua inayoanza kudondoka juu ya majani makavu. Walishuka wapatao sitini. Jike mmoja mzee aliingia majini bila kusita, pale pale walipoingilia wale ishirini, na wengine wakamfuata.

Mzee aliinua kiganja tusubiri. Alingoja hadi wa kwanza walipokanyaga ukingo wa kusini na mkia wa kundi ulipofika katikati ya mto. Ndipo boti zikatoka, polepole, kutoka upande wa chini, zikaingia kati ya wa mwisho na ukingo wa kaskazini. Kwenye eneo hilo inaruhusiwa kumpiga tuttu anayeogelea kwa bunduki ndogo ya .22 kutoka kwenye boti, na sababu yake ni ya huruma na ya usalama pia: unapiga kutoka hatua mbili tatu, nyuma ya sikio, mnyama anakufa papo hapo na haendi kufia msituni na jeraha.

Kijana alipiga dume lake la kwanza kwa risasi moja. Sauti ya mzee ilitetemeka alipolihesabu. Mzee akapiga wawili, mpwa wawili. Watano. Mzee akainua mkono juu, ishara ya kukoma, akageuza boti kuanza kukokota.

Mpwa akapiga wengine wawili, wote madume wakubwa, wanono.

Hakuwa mlafi, na naomba asisomwe hivyo. Nilikuwa naye kwenye boti. Alitaja nyumba mbili za wajane kijijini, akasema, "Mwaka jana walikula samaki peke yake. Hawa hawatarudi kesho." Yalikuwa madume, kibali kiliruhusu, mahitaji yalikuwa ya kweli. Kwa kila kipimo alichokuwa nacho mkononi, uamuzi ulikuwa sahihi.

## Usiku: visu na mwanga

Mkondo ulikuwa umewatawanya wanyama chini ya mto kwa zaidi ya kilomita moja. Kuwafunga kamba pembeni mwa pembe na kuwakokota mmoja mmoja hadi fungu la changarawe safi kulikula saa nzima na nusu. La kijana, kwa kuwa lilipigwa kwanza, lilikuwa limekwenda mbali kuliko yote, likaletwa mwisho.

Tukaanza kuchuna saa moja na nusu. Septemba huko giza huingia kama saa tatu na nusu usiku. Waliojua kisu sawasawa walikuwa wawili, mzee na mpwa. Mimi na kijana tulikuwa wa kushika miguu, kuvuta ngozi na kubeba. Kila mnyama tulimmaliza kabisa kabla ya kumgusa mwingine: kumpasua, kutoa matumbo, kuchuna, kukata mapaja, mikono, mbavu na shingo, kutandaza vipande juu ya matawi ya mierebi. Kazi safi, ya kupendeza macho. Mwanga ulipokwisha tulikuwa tumemaliza watano.

Walibaki wawili, wamelala ubavu, matumbo yao yamejaa. Tuttu ni mnyama anayecheua. Tumbo lake ni pipa la majani yanayochacha, na uchachu huo hauachi kwa kuwa mwenyewe amekufa. Joto hutoka ndani, ngozi inalizuia nje. Vidole vya mzee vilikuwa vimekakamaa. Kijana aliona nyayo mbichi za dubu kwenye matope, hivyo mmoja wetu alilazimika kusimama na bunduki badala ya kufanya kazi. Kwa tochi za kichwani mpwa aliwapasua wale wawili na kutoa matumbo saa nne na nusu usiku, zaidi ya saa nne tangu wapigwe. Ngozi tukaziacha hadi asubuhi. Mmoja wa hao wawili alikuwa dume la kijana.

Saa nane usiku mvua ilianza. Mpwa aliamka, akafunika rundo lote kwa turubai, akalikandamiza kwa mawe pande zote. Nilimsaidia. Ilionekana kuwa kazi nzuri.

## Siku ya nne: fungu la changarawe

Asubuhi tuliwachuna wale wawili. Nilipoinua paja la mmoja nilihisi uvuguvugu karibu na nyonga. Nikadhani ni mikono yangu ndiyo iliyopoa kwa maji ya mto. Sikusema kitu, nilikuwa mgeni, na wenye kazi walikuwa mbele yangu.

Nyama ya wale wawili iliingia boti ya mpwa, chini kabisa, juu yake mbavu, juu yake turubai. Mzee na mjukuu wakatangulia. Saa moja baadaye, kwenye kona ambapo mto ulikuwa umehama njia tangu mwaka uliopita, tulipanda fungu la changarawe na panga la injini likapinda. VHF haikumfikia mzee kwa sababu ya vilima. Tulikaa hapo kwa muda wa saa tisa. Mvua iliacha, jua likatoka, turubai likabaki mahali pake. Maji ya ngama tuliyafua mara mbili, lakini vipande vya chini vilikuwa vimeshalala ndani yake. Mzee alirudi kututafuta jioni, akatukokota, tukafika nyumbani usiku wa manane.

## Matokeo

Watano wa kwanza walikuwa salama kabisa. Katika wale wawili wa mwisho, mapaja matatu yalikuwa yameharibika: ukikata hadi kwenye nyonga, nyama ilikuwa ya kijani kando ya mfupa na harufu yake kali. Mbavu za upande mmoja nazo. Hatukuwa tumeacha nyama yoyote mtoni. Iliyoharibika ilikwenda kwa mbwa wa jirani. Mapaja mawili kati ya hayo matatu yalitoka kwa dume la kijana.

Kwa Wainyupiaki mnyama wa kwanza wa kijana haliwi nyumbani kwake. Hutolewa wote, kwa kawaida kwa mzee asiye na mwindaji. Kijana alikuwa ameshachagua aana mmoja, yaani bibi, anayeishi peke yake. Alimpelekea ulimi, moyo, mikono miwili, sarara, mbavu za upande uliopona na mafuta yote ya mgongo. Nilikwenda naye kubeba. Bibi alivitazama vipande vyote, akavigusa kimoja kimoja, akatafuta kwa macho kilichopungua.

"Mlichelewa kumfungua tumbo?"

"Ndiyo, aana."

"Alikuwa mnono," akasema, akiinua mafuta kwenye mwanga wa dirisha. "Haya yatakuwa akutuq." Hayo ni mafuta yanayopigwa hadi yaumuke, kisha huchanganywa na matunda ya porini. Kijana alijibu kila alichoulizwa bila kuinamisha macho, lakini tulipotoka nje alitembea njia ndefu ya kando ya mto badala ya ile ya kwao.

## Kilichofanya kazi

Kuwaacha waliotangulia ndiko kulikotulisha. Sina njia ya kuthibitisha kwamba sitini wasingekuja kama tungewapiga wale ishirini. Ninachoweza kusema ni kwamba waliingia maji pale pale walipoingilia wenzao, bila kusitasita kule kwa wale wa kwanza, na kwamba kanuni hiyo imeshikwa na watu walioishi kwa kivuko hiki vizazi vingi. Ilihitaji mtu mwenye mamlaka ya kutosha kuvumilia saa thelathini na zaidi za macho ya lawama.

Mahali pa kambi, muda wa kutoka na boti, na umbali wa kupiga vyote vilikuwa sawa. Hakuna mnyama aliyejeruhiwa akakimbia. Hakuna jike aliyeuawa. Wengi walivuka wakaenda zao.

## Kilichoshindwa

Rahisi ni kusema mpwa hakutii. Nimelifikiria sana jambo hili na sikubaliani na maelezo hayo. Mzee aliponiambia baadaye maana ya "watano", alinyoosha vidole: visu viwili vinavyojua, mwanga wa jioni moja, wanyama watano. Ndiyo kazi inayomalizika kabla ya giza. Na kweli, giza lilitukuta tumemaliza watano, kana kwamba aliipima kwa saa. Hesabu ilikuwa sahihi hadi mnyama wa mwisho. Lakini alitupa jibu akabaki na njia ya kulifikia, na mimi mwalimu wa hisabati ndiye niliyepaswa kuuliza. Mpwa alipoona mahitaji yameongezeka, aliongeza idadi, kwa kuwa kwake idadi ilikuwa inahusu mahitaji. Angejua inahusu visu na mwanga, nina hakika angeishusha bunduki. Nimekulia Kilwa, katika nyumba ya mvuvi. Baba hakuwahi kuvuta nyavu zaidi ya barafu aliyokuwa nayo, na sababu aliirudia hadi tukaikariri, kwa sababu alijua kuna siku atakuwa hayupo chomboni.

Kosa la pili ni mpangilio wa kazi. Kwa kuwa wanyama walizidi, ilitupasa kuwafungua wote saba matumbo kwanza, dakika chache kila mmoja, kisha kurudi kuchuna. Tungekosa unadhifu, tungeokoa nyama. Tuliendelea na utaratibu wa wanyama watano tulipokuwa na saba.

La tatu ni turubai, na hapa lawama ni yangu kama ilivyo ya mpwa. Nyama iliyopoa huhitaji kukingwa na mvua. Nyama ya moto huhitaji upepo kwanza. Paa la turubai lililoinuliwa juu ya fito, pande zikiwa wazi, lingefanya yote mawili. Sisi tuliliwekea rundo blanketi.

La nne, boti kuachana. Mto unaohama kila mwaka hautaki boti moja itangulie hadi isisikike tena.

La tano ni ule uvuguvugu nilioushika asubuhi. Kama ningesema, mzee alikuwa bado hajaondoka. Angekata hadi kwenye nyonga pale pale, akafungua nyama mfupani, akaitandaza kwenye upepo. Labda paja moja lingepona, labda yote matatu. Adabu ya mgeni ni jambo jema, lakini mkono wangu ulikuwa umeshika habari ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Nyuma ya yote hayo ipo hali ya hewa. Kumwacha mnyama aliyetolewa matumbo na ngozi yake hadi asubuhi halikuwa wazo la kipumbavu. Mzee alilifanya mara nyingi maishani mwake. Septemba ya ujana wake usiku uliganda. "Baridi ilikuwa mtu wa tano kambini," aliniambia, "na yeye ndiye aliyefanya kazi tukilala. Safari hii hakuja." Maarifa yake ya wanyama yalibaki kweli, ya usiku yalikuwa yamepitwa, na hakuna aliyeweza kuona mstari kati ya hayo mawili hadi nyama iliponuka.

## Mwaka uliofuata

Nilikwenda nao tena. Kabla ya kupakia petroli mzee alikaa na wote jikoni, akahesabu kwa sauti: visu, saa za mwanga, joto la usiku lililotangazwa. Kijana alikuwa ameshajifunza kuchuna, hivyo visu vilikuwa vitatu, lakini usiku ulitabiriwa kuwa wa joto kuliko ule wa mwaka uliopita. Wakakubaliana watatu, na mpwa ndiye aliyesema idadi. Tulibeba mifuko ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, fito za kujengea uchanja wa kukaushia, na panga la akiba la injini.

Wanyama walifika mapema mchana. Walipofikishwa ukingoni, wote watatu walifunguliwa matumbo kabla ngozi ya hata mmoja haijaguswa. Nyama ililala usiku mzima kwenye fito, paa juu, pande wazi. Alfajiri, kabla ya kupakia, kijana alipitisha mkono kwenye kila nyonga, moja baada ya nyingine, akirudia ile ya mwisho mara mbili. Aliporidhika zimepoa, alimwita babu yake alete boti.